Kuinua gari ya zamani nyumbani: mwongozo kamili kwa anayetaka kuingia chini na kutoka mzima

Kila nikikaa na watu wenye gari za zamani nasikia malalamiko yaleyale. Mmoja anasema ameweka jeki vizuri kabisa, kapiga mpini mara tano sita, kizingiti, yaani lile boksi la bati linalopita chini ya milango, kikabonyea ndani kama kopo. Mwingine gari ilikuwa juu tayari, kaanza kuhangaika na nati, gari ikajitembeza yenyewe. Na wote hawa wana jeki nzuri, wengine zao nzuri kuliko yangu.

Tatizo mara nyingi haliko kwenye jeki bana. Liko kwenye vitu viwili: hawajui gari yao ina mfupa wapi, na wamesahau kwamba jeki nayo inatembea wakati inapanda. Hapo ndo nitakaa muda mrefu, mengine nitapita haraka.

Nikisema mfupa namaanisha chuma kilichotengenezwa kubeba uzito wa gari: chesisi, ekseli, krosimemba (ile boriti ya chuma inayokatiza chini ya gari) inayoshika saspensheni. Vilivyobaki ni nyama, yaani bati la sakafu, sampu (bakuli la oili chini ya injini), kitako cha buti. Kwenye gari iliyokaa miaka 40 au 50 nyama na mfupa kwa macho vinafanana, maana vyote vimepakwa ile lami nyeusi ya chini na chini ya lami hujui kuna nini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa gari

Jeki ya kukokota, ile ndefu yenye magurudumu manne na mpini mrefu. Beetle ya Volkswagen ina kilo 800 hivi na Mini ya zamani ni kilo 600 na kitu, kwa hiyo jeki ya tani 2 inatosha bila jasho. Kwa Land Rover au sedan kubwa chukua ya tani 3. Ile jeki ya mkasi inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi barabarani basi, na kama ni ya tangu gari ilipotoka kiwandani mimi hata kwa hiyo kazi siiamini.

Stendi mbili, ile miguu ya chuma ya kushikilia gari ikishapanda, nne ni bora zaidi. Soma vizuri maandishi: tani zilizoandikwa zinaweza kuwa za stendi moja au za zote mbili kwa pamoja, na tofauti hiyo ni kubwa. Tafuta zenye pini ya ziada inayopita katikati ya nguzo, sio meno ya kufungia urefu peke yake. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani ilirudisha stendi zake kutoka kwa wateja kwa sababu meno yalikuwa yanaweza kuachia mzigo ghafla, sasa pini ndo inakuokoa siku kama hiyo.

Kabari nne, za raba au za mbao ngumu iliyokatwa mshazari. Jiwe sio kabari, jiwe linabingirika.

Halafu plaiwudi ya milimita 18, kipande kirefu cha jeki na vipande vidogo vya stendi. Raba nene ya kuweka juu ya kichwa cha jeki. Wili spana, bisibisi kubwa ya bapa, nyundo ndogo, tochi, chaki. Na mtu mwingine awepo nyumbani anayejua uko chini ya gari, huyo naye mhesabu kama kifaa.

Tofali simo kabisa. Tofali la saruji halikupi onyo, halipindi wala halilii, linasimama vizuri mpaka sekunde linapopasuka. Rimu za zamani zilizopangwa moja juu ya nyingine nazo hivyohivyo.

## Hatua ya 1: Sakafu

Zege iliyolala sawa. Kama huna uhakika imelala weka pima maji, au weka soda ya chupa ikiwa imelala uone inakwenda upande gani. Mteremko mdogo ambao macho hayauoni unatosha kusogeza gari ikishakuwa kwenye magurudumu mawili.

Kwenye lami wakati wa jua kali miguu ya stendi inazama taratibu, unaingia chini saa nne asubuhi iko sawa, saa saba mguu mmoja umezama. Ndo kazi ya vile vipande vidogo vya plaiwudi. Kwenye udongo au kokoto mimi siingii chini ya gari, labda nimetandika plaiwudi nzima chini ya jeki na stendi na udongo wenyewe uwe mkavu na mgumu.

## Hatua ya 2: Ipime jeki

Inua kona moja sentimita chache, weka alama ya chaki kwenye bodi usawa wa kitu fulani, subiri dakika kumi. Alama ikiwa imeshuka, sili ya ndani (raba inayozuia oili isipite) imechoka, jeki hiyo iende kwa fundi kwanza. Ukiona mpini unapiga hewa tu na kichwa hakipandi, fungua valvu ya kushushia, piga mpini mara kadhaa bila mzigo ili hewa itoke, funga, jaribu tena. Ikihitaji oili weka oili ya haidroliki ya jeki, usiweke mafuta ya breki hata kama yanafanana kwa macho, yanakula sili.

Hata ikifaulu, jeki ni ya kunyanyulia. Ya kushikilia ni stendi. Hamna "nitaingia mara moja tu nifunge hii nati".

## Hatua ya 3: Tafuta mfupa

Hapa ndo watu wanaruka na hapa ndo gari zinaharibika. Usianze na kitabu cha gari, anza na tochi. Kitabu kinakuonyesha pa kuwekea jeki gari ilipokuwa mpya, hakijui kutu.

Lala chini, gari ikiwa bado kwenye matairi yake, mulika sehemu unayotaka kuinulia. Gonga na mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia, sauti kavu inayorudi. Kilichooza kinatoa sauti kama unagonga boksi la karatasi lenye maji, na mara nyingi unga mwekundu unamwagika usoni kwako, kwa hiyo vaa miwani. Ukipata wasiwasi sukuma ncha ya bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikizama, hapo sio mfupa tena, ni lami iliyoshikana na kumbukumbu.

Mimi nilijifunza kwa Mercedes W123. Zile gari zina vitundu kwenye kizingiti, vimezibwa na vifuniko, na jeki yake ya asili inachomekwa humo. Nikachomeka. Nikazungusha. Nikasikia kama mtu anatafuna biskuti, jeki ikawa inapanda na gari haipandi. Nje rangi ilikuwa inang'aa kabisa.

Kwa aina tofauti za gari iko hivi:

Gari yenye chesisi ya ngazi kama Land Rover za Series: ekseli ndo rafiki yako, weka jeki chini ya bomba la ekseli karibu na pale springi zinapofungwa. Chesisi yenyewe pia inabeba, ila vile vipande vinavyotoka pembeni ya chesisi kwenda kushika bodi vinaoza mapema, usiviamini.

Beetle: kuna pa kuwekea jeki ubavuni, nyuma kidogo ya katikati ya gari, na hapo panaoza sana kwa sababu unyevu unakaa ndani ya lile boksi la kupitishia hewa ya moto. Mbele yale mabomba mawili ya ekseli yanayokatiza ni imara. Nyuma usije ukaweka jeki chini ya injini, kesi yake ni aloi laini na pale katikati kuna kifuniko cha kumwagia oili.

Mini: tafuta sabufremu, ile fremu ndogo ya chuma inayoshika saspensheni, mbele na nyuma. Sampu ya Mini ndo giaboksi yenyewe, ukiipasua umepasua vyote viwili.

Gari za wazi zisizo na chesisi, mfano MGB: vizingiti ndo uti wa mgongo wa gari nzima, paa hamna la kusaidia. Kwa hizi kuna kipimo kizuri. Kabla hujainua fungua na ufunge mlango, angalia ile nafasi kati ya mlango na bodi. Inua sentimita tano, angalia tena nafasi ileile. Ikiwa imebana juu au imefunguka, au mlango umegoma, bodi inapinda. Shusha taratibu, gari hiyo inahitaji mchomeleaji kabla ya kuhitaji kubadilishwa oili.

Sampu, giaboksi, fimbo za steringi, bati linaloshika rejeta na sakafu usiweke jeki hata kwa kipande cha mbao katikati. Mbao inatawanya uzito, haigeuzi nyama kuwa mfupa.

Difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, inategemea. Kama ni ekseli nzima yenye difu ya chuma cha kusubu unaweza kuinulia katikati, gari inapanda pande zote mbili kwa pamoja, raha tupu. Lakini angalia kichwa cha jeki kisikae kwenye kile kifuniko chembamba cha bati cha nyuma wala kwenye nati ya kumwagia oili.

Ukishapata sehemu mbili za jeki, tafuta na mbili za stendi. Ni kosa la kawaida sana: mtu anainua kwenye sehemu pekee nzuri, halafu anagundua stendi haina pa kukaa maana jeki imeshakaa hapo.

## Hatua ya 4: Ifunge gari isitembee

Jiulize swali moja: nikishanyanyua upande huu, ni nini kinashika gari?

Gari nyingi hendibreki inashika tairi za nyuma. Gari ya kusukumwa na nyuma ukiiweka gia nayo inashika nyuma. Sasa ukiinua nyuma, hendibreki na gia vyote viko hewani, vinashika upepo, gari iko huru kabisa na kilichobaki ni kabari za mbele peke yake. Watu wanavuta hendibreki mpaka mwisho wanaona wamemaliza kumbe hawajashika kitu.

Mini inavutwa na mbele, kwa hiyo ukiinua nyuma gia inasaidia. Citroën DS na Saab 99 ni kinyume, hendibreki zao zinashika mbele. Na Land Rover za Series hendibreki haiko hata kwenye tairi, ni dramu nyuma ya giaboksi inayoshika shafti ya nyuma. Ukinyanyua tairi moja tu ya nyuma, difu inairuhusu ile ya hewani izunguke na ile ya chini nayo inazunguka, gari inaondoka na hendibreki imevutwa! Kama unayo hiyo, weka foowili na habu za mbele zifungwe, afu kabari kila tairi iliyobaki chini.

Kabari zinakaa mbele na nyuma ya tairi, zimegongwa zikabana. Ya upande mmoja ni nusu kazi.

## Hatua ya 5: Legeza nati ukiwa bado chini

Robo mzunguko tu kila nati, usizitoe. Ukisubiri gari iwe juu utavuta wili spana kwa nguvu zako zote na gari inayumba juu ya stendi.

Nati ikigoma kabisa angalia kwanza kama bolti yake ina alama ya L. Kuna gari za zamani, hasa za familia ya Chrysler mpaka miaka ya 70 mwanzoni, ambazo nati za upande wa kushoto zinafunguka kinyume. Watu wamekata bolti wakidhani ni kutu.

## Hatua ya 6: Inua, na uiache jeki itembee

Angalia mkono wa jeki kwa makini siku moja bila gari. Haupandi moja kwa moja kama lifti. Unazunguka, kama wewe ukinyanyua kikombe huku kiwiko kimetulia mezani, kichwa kinapanda huku kinarudi kuelekea upande wa mpini. Gari haiwezi kurudi nacho kwa sababu umeipiga kabari. Kwa hiyo lazima jeki yenyewe isogee kuingia chini ya gari, ndo maana ina magurudumu.

Sasa weka jeki hiyo kwenye udongo, au jiwe dogo liingie mbele ya gurudumu lake. Jeki haisogei. Kichwa kinaanza kuteleza juu ya chuma milimita kwa milimita, husikii kitu, mpaka kinafika ukingoni. Ukiwa unainulia ubavuni ni mbaya zaidi, maana gari haiwezi kujisogeza kiubavu hata kidogo, kitu pekee kinachoweza kusogea ni jeki au kuteleza kwa kichwa.

Kwa hiyo:

1. Fagia njia ya jeki. Kokoto moja ya ukubwa wa punje ya mahindi inatosha kusimamisha lile gurudumu dogo la chuma.
2. Ingiza jeki ikiwa imenyooka, sio ya mshazari. Raba juu ya kichwa.
3. Piga mpini mpaka kichwa kiguse tu. Simama, lala chini, mulika. Mfupa uko katikati ya kichwa?
4. Piga tena mara tatu nne, angalia jeki imesogea. Ikiwa haijasogea, shusha uanze upya. Usiipige teke isogee, nimeona mtu anafanya hivyo.
5. Panda kidogokidogo mpaka stendi ziingie na sentimita mbili za ziada. Huhitaji zaidi. Kila sentimita ya juu inaongeza kuyumba.

Hakuna mtu ndani ya gari. Mguu wako, mkono wako, kichwa chako, hakuna kinachopita chini wakati huu. Ukitaka kuona, mulika kutoka pembeni.

Mara ya kwanza inua upande mmoja tu, mbele au nyuma. Ukitaka zote nne, anza mbele hendibreki ikiwa inashika nyuma, afu nyuma, na usipandishe nyuma kwa mkupuo mmoja kwa sababu zile stendi za mbele zinainama gari inapobadilisha pembe. Nyuma kidogo, mbele kidogo.

## Hatua ya 7: Stendi

Mbili, urefu sawa, hesabu meno. Ziweke chini ya mfupa ule uliouchagua, miguu yote imekaa kwenye plaiwudi, pini zimeingia. Halafu fungua valvu ya jeki taratibu sana, robo mzunguko, mpaka gari ikae. Utasikia mlio mdogo wa chuma kukaa kwenye chuma, huo ni wa kawaida. Mlio wa kukwaruza sio wa kawaida, rudisha jeki juu.

Ukiwa umefanya sawa: nguzo za stendi zimesimama wima, pembe ya gari iko sawa kushoto na kulia, mlango unafunguka kama mwanzo.

Usitoe jeki. Ipandishe tena iguse tu mfupa bila kubeba, iwe mlinzi wa pili. Tairi ulilotoa lilaze chini ya kizingiti, likiwa la tatu.

## Hatua ya 8: Isukume

Simama pembeni, shika bodi, sukuma kwa mkono mmoja kisha kwa miwili, mbele nyuma, kushoto kulia. Usiogope. Kama itaanguka, ianguke sasa hivi wewe ukiwa nje. Gari iliyokaa vizuri inatikisika kwenye springi na raba zake lakini miguu ya stendi haisogei hata unywele. Mguu ukinyanyuka au ukihama, shusha yote urudie hatua ya 6.

Wakati huohuo angalia paipu za mpira za breki. Ukiinulia chesisi ekseli inaning'inia, na paipu kuukuu iliyokauka inavutika kuliko ilivyozoea. Ikiwa imekaza kama kamba ya nguo, shikilia ekseli na kitu kwa chini. Nusa na petroli pia, tangi lililojaa kwenye gari iliyoinama linavuja kwenye mfuniko au kwenye paipu ya hewa.

Na wenye Citroën za haidroliki, ile DS inajinyanyua yenyewe ukivuta wenzo, inapendeza kuangalia, lakini presha ikitoka inashuka yote. Stendi kama wengine wote.

## Hatua ya 9: Ukiwa chini

Simu mfukoni. Watoto na paka mbali. Unapofungua kitu kilichogoma vuta spana kwa mwelekeo ambao hausukumi gari kutoka kwenye stendi, na kama inahitaji bomba la kuongezea urefu wa spana, toka nje ufikirie njia nyingine. Ukitoka kwenda kula, ukirudi rudia hatua ya 8 kabla ya kuingia, inachukua sekunde kumi.

## Hatua ya 10: Kushusha

Toa kila kitu chini kwanza, spana, beseni la oili, lile tairi ulilolilaza. Funga nati kwa mkono zikae. Piga jeki mpaka gari iachane na stendi kwa sentimita moja, vuta stendi kwa kushika miguu yake, sio kwa kuingiza mkono juu. Fungua valvu robo kidogo, kidogo tena. Wengi wanaharibu hapa, kazi imeisha wana haraka, valvu inafunguliwa nusu mzunguko na gari inadondoka. Hakikisha pia jeki ina njia ya kurudi nyuma inaposhuka, ile duara yake inafanya kazi pande zote mbili.

Matairi yakigusa chini kaza nati kwa mpangilio wa msalaba, sio kuzunguka, kwa kipimo cha kitabu cha gari yako. Baada ya kilomita 50 kaza tena, hasa rimu za zamani zilizopakwa rangi upya, rangi inajibana na nati inalegea.

Kama ni Beetle yenye ekseli za nyuma zile zinazobembea, utashusha utakuta matairi ya nyuma yamekunja miguu kwa ndani kama mtu aliyebanwa na haja. Hujavunja kitu. Toa kabari, sukuma gari mita mbili tatu mbele na nyuma, zitafunguka zenyewe.